Elimu ya Juu na Vijana wa Machimbo ya Dhahabu

Vijana wengi wa Bungoma na Kitale wakiisha kumaliza masomo ya sekondari hujikuta penye njia panda. Njia ya chuo ni ndefu na ina gharama. Njia ya machimbo hulipa siku iyo hiyo. Upande wa Kakamega, na kaskazini mwa Kitale katika nchi ya Pokot, wako watu wengi watafutao dhahabu kwa sururu na karai. Je, kijana aendaye chuoni huwa ameiacha jamii ya wachimbaji, ama yeye ndiye atakayeifaa zaidi?

Historia yatoa jawabu. Dhahabu ya Kakamega iligunduliwa mwaka 1931, na wageni wakaja kwa wingi. Sheria ya mwaka 1930 ilikuwa imeahidi kwamba ardhi ya wenyeji ikitwaliwa, watapewa ardhi nyingine ya thamani ile ile, na baraza lao litashauriwa kwanza. Mwezi wa Desemba 1932 sheria hiyo ilibadilishwa, na kwa ajili ya madini ahadi zote mbili zikaondolewa. Mgodi mkubwa wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952, mashimo yakabaki. Wenyeji walikuwa wamechimba na kubeba. Elimu ya miamba na ya mikataba ilikuwa mikononi mwa wengine.

Siku hizi sheria ni nyingine. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 yaagiza kwamba katika mrabaha, sehemu 70 kwa kila 100 ziwe za Serikali ya Taifa, 20 za kaunti, na 10 za jamii ya mahali pachimbwapo madini. Tena raia mtu mzima aweza kupewa kibali cha mchimbaji mdogo kwa muda wa miaka 3. Lakini haki isiyofahamika ni kama dhahabu iliyo chini ya nyumba: mwenyewe huikanyaga kila siku asijue. Hapo ndipo afaapo mtu aliyesoma sheria.

Jambo la pili ni afya. Wachimbaji huchanganya zebaki na mchanga uliosagwa ili ishikamane na dhahabu, kisha huichoma. Zebaki hugeuka mvuke usioonekana, nao hudhuru ubongo, mishipa ya fahamu na figo, hata mtoto aliye tumboni mwa mama yake. Mapatano ya Minamata ya kupunguza sumu hiyo duniani yalianza kutumika mwaka 2017. Afisa wa afya aliyefunzwa vema, tena ajuaye lugha ya wenyeji, aweza kuwaonyesha chombo kilichofungwa ambacho huupoza mvuke na kuirudisha zebaki, wala isichomwe jikoni mahali pa kupikia chakula.

Jambo la tatu ni mashimo yenyewe. Mvua ikinyesha udongo hulainika, na shimo lisilo na nguzo huweza kuporomoka na kufukia watu. Mjuzi wa miamba na mhandisi wa migodi hujua ni wapi pa kuchimba, nguzo zisimamishwe vipi, na hewa iingie kwa njia gani. Tena walimu wahitajiwa, ili mtoto asiache darasa kwa ajili ya karai.

Mahali pa kujifunza pako. Chuo Kikuu cha Kibabii, kilicho Bungoma, kilipata hati yake mwaka 2015. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kiko Kakamega. Na Kitale pana chuo cha ufundi cha taifa. Atakaye uhandisi wa migodi aweza kwenda mpaka Chuo Kikuu cha Taita Taveta. Asiye na karo aweza kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa mwaka 1995. Lakini akumbuke kwamba mkopo ni deni, nalo hulipwa.

Hata hivyo, shahada peke yake haitoshi. Msomi arudipo hana budi kuwasikiliza wachimbaji wa siku nyingi, kwani wao wameijua ardhi ile kwa mikono yao. Elimu yake na ujuzi wao vikikutana, ndipo jamii itakapojua imechimba nini, imeuza kwa bei gani, na imebakiwa na nini. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.