Mashini Inayoona Moyo wa Mutoto

Hapa kwetu Mavivi, mutoto akilalamika magoti tunasema amekimbia sana. Kesho maumivu yamehamia kwenye kiwiko, kesho kutwa kwenye kifundo cha muguu, na homa iko juu. Wengine wanasema ni malaria. Wengine wanasema jirani amemuroga. Kumbe mara nyingine mambo yalianza kooni, majuma 2 au 3 yaliyopita.

Kuna mikrobe inayoitwa streptokoko. Inaumiza koo, na mwili wa mutoto unapigana nayo. Lakini kwa watoto wengine, zaidi wale wa miaka 5 mpaka 15, askari wa mwili wanakosea adui: wanashambulia viungo, na moyo vilevile. Viungo vinapona. Lakini moyo una milango 4 midogo inayozuia damu kurudi nyuma, na mulango uliovimba unaweza kubaki na kovu. Haufungiki vizuri tena, ao unakataa kufunguka. Mutoto anaonekana muzima miaka mingi, halafu anakosa pumuzi akipanda mulima na bidoni ya maji. Wasichana wengine wanajulikana mara ya kwanza wakiwa na mimba, na hapo hatari ni kubwa.

Munganga anasikiliza kifua kwanza. Sikio lake ni la maana, lakini mulango unaovuja kidogo hausikiki kila mara. Radio inaonyesha kivuli tu: moyo ni mukubwa. Haisemi kwa nini. Pengine nyama ya moyo imelegea, pengine maji yamejaa katika mufuko unaozunguka moyo, na katika inchi zetu maji hayo mara nyingi yanatokana na kifua kikuu. Kivuli kinafanana.

Ekografi inatenganisha mambo hayo. Inatuma sauti ambayo sikio halisikii. Sauti inagonga moyo na kurudi, na mashini inaichora. Edler na Hertz walianza kazi hiyo kwa moyo kule Lund, Uswidi, mwaka wa 1953. Leo tunaona milango ikicheza, na damu inayorudi nyuma inatokea kwa rangi. Maji yanaonekana meusi. Na kama yanaukaba moyo, munganga anajua pahali pa kuingiza shindano bila kutoboa moyo wenyewe. Mugonjwa analala upande wa kushoto, anapakwa pomada ya baridi, basi. Hakuna mionzi.

Lakini picha haiponyeshi. Ninasema hivi sababu wazazi wengine wakiisha kulipa ekografi wanaona kazi imekwisha. Dawa ni shindano la penisilini ya benzatini, kila majuma 3 au 4, kwa miaka mingi. Linauma, ndiyo. Kule Gulu, kaskazini ya Uganda, wanganga walitumia ekografi kutafuta watoto wenye alama ndogo moyoni ambao hawakujua kitu. Watoto 818 waligawanywa vikundi viwili. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 2021: nyuma ya miaka 2, kwa waliopata shindano ugonjwa ulizidi kwa 3 kati ya 399, kwa wasiopata, 33 kati ya 400.

Kwa hiyo, viungo vikihama-hama na homa, mulete mutoto, na museme kama koo lilimuuma. Mulete pia karatasi ya ekografi ya zamani, hata kama imechakaa, munganga apate kulinganisha.