Meno ya kahawia: Usikimbilie kung'oa, anza na maji anayokunywa mtoto

Mwenyeji wa Arusha akienda kusoma au kufanya kazi mkoa mwingine, mara nyingi hutambuliwa kabla hajataja anakotoka. Meno yake ya mbele yana michirizi ya njano au kahawia, na wenzake huanza utani kwamba hapigi mswaki. Mtoto anayetaniwa hivyo huzoea kuziba mdomo kwa kiganja anapocheka. Akifika umri wa kutafuta kazi au mchumba, wazo humjia: ang'oe meno hayo, aweke ya bandia.

Wazazi wanapaswa kulijua jambo hili mapema, kwa sababu rangi hiyo si uchafu, na jino lenye rangi si lazima liwe jino bovu.

Chanzo ni mlima

Miamba ya volkano ya Mlima Meru ina madini ya floraidi. Maji yanapopita kwenye miamba hiyo huyabeba, ndiyo maana chemchemi, visima na mito mingi ya Arumeru, ikiwamo ya Maji ya Chai na Ngarenanyuki, ina floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwa sababu ya uhaba wa maji, Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 4.

Floraidi kidogo huimarisha meno. Ikizidi, huharibu gamba la nje la jino wakati linajengeka. Ikizidi sana kwa miaka mingi, hudhuru hata mifupa.

Doa huanza kabla jino halijaota

Meno ya ukubwani ya mbele huota mtoto akiwa na miaka 6 au 7, lakini huanza kujengeka ndani ya fizi katika mwaka wa kwanza wa maisha. Doa linaloonekana akiwa darasa la kwanza lilianza alipokuwa akitambaa. Hatari huendelea hadi karibu miaka 8. Mtu aliyehamia Arusha akiwa mkubwa hapati madoa hayo, hata akinywa maji yale yale.

Ndiyo maana kumgombeza mtoto au kumsugua meno kwa mkaa, mchanga au limau hakusaidii. Huko ni kumlika gamba lililokwisha kudhoofika.

Mzazi afanye nini?

Mnyonyeshe mtoto maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo. Maziwa hayo yana floraidi kidogo mno, hata kama mama anakunywa maji yenye floraidi nyingi.

Akianza kula, tenga maji yake ya kunywa na ya kupikia uji. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi karibu hayana floraidi, ila yachemshwe kuua vijidudu. Kama ni ya bomba au kisima, uliza mamlaka ya maji au jumuiya ya watumia maji yamepimwa kiasi gani. Maji ya kufulia na kuogea hayana shida.

Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwenye sufuria, iliyobaki huwa imekolea zaidi. Dawa ya kutibu maji na kitambaa cha kuchujia navyo haviiondoi. Kinachofanya kazi ni chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, teknolojia iliyofanyiwa kazi na kituo cha utafiti cha Ngurdoto. Mkaa huo huchoka, hivyo hubadilishwa na maji hupimwa tena.

Punguza magadi kwenye makande na maharage ya mtoto, kwani nayo yanaweza kuwa na floraidi. Usimzoeze chai ya rangi iliyokolea.

Dawa ya meno itumike, ila kwa kipimo: ukubwa wa punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka 3, na punje ya njegere kwa wa miaka 3 hadi 6. Mfundishe kutema.

Rangi ikishaingia

Daktari wa kinywa na meno ana njia kadhaa kabla ya kung'oa: kusugua tabaka jembamba la juu, kung'arisha, kufunika sehemu ya mbele kwa rangi ya jino, au kuvalisha jino kofia. Mwulize njia zote na bei zake.

Jino likishang'olewa halirudi. Mfupa wa taya uliolishika hupungua, meno ya bandia hulegea na kuhitaji kurekebishwa, na nguvu ya kutafuna huwa ndogo kuliko ya meno ya asili. Kijana wa miaka 20 atabeba kazi hiyo maisha yake yote.

Aliyelazimika kuyavaa, labda kwa ajali au meno kuoza, ayapige mswaki laini kwa sabuni ya maji kila siku, juu ya beseni lenye maji ili yakiponyoka yasivunjike. Usiku ayavue na kuyaloweka kwenye maji safi, si ya moto, maana huyapinda. Yakilegea au kuchubua fizi, arudi kwa daktari, asiyakwangue mwenyewe.

Kwa mtoto ambaye hajafika miaka 8, nafasi bado ipo. Ulizia leo kipimo cha maji ya nyumbani kwako.