The Rocketeer: shujaa mwenye roketi mgongoni aliyeishia kwenye filamu moja

Miaka mingi kabla mashujaa wa Marvel hawajajaza sinema za dunia, kampuni ya Disney ilijaribu bahati yake na shujaa asiye na nguvu yoyote ya ajabu. Filamu The Rocketeer ilitoka Marekani tarehe 21 Juni 1991, chini ya uongozi wa Joe Johnston.

Hadithi inapita Los Angeles mwaka wa 1938. Cliff Secord, rubani kijana asiye na feza, anakuta roketi iliyofichwa ndani ya ndege. Akiivaa mgongoni, anaruka. Rafiki yake Peevy, fundi mzee, anamtengenezea kofia ya chuma. Lakini roketi hiyo, kazi ya tajiri Howard Hughes, inatafutwa na FBI, na majambazi, na pia Neville Sinclair, muigizaji mashuhuri ambaye kwa siri anatumikia Wanazi wa Ujerumani.

Utamu wa filamu uko katika mambo madogo. Tundu la roketi linazibwa na chingamu, na chingamu hiyo ndiyo inaamua mwisho wa Sinclair. Naye Eddie Valentine, mkubwa wa majambazi, anapojua kwamba aliyemlipa ni mtu wa Hitler, anamgeuka: yeye ni mwizi, lakini hakubali kuuza inchi yake.

Shujaa huyo alizaliwa mwaka wa 1982 katika vitabu vya katuni vya Dave Stevens, mchoraji aliyependa sana filamu za zamani za mashujaa warukao. Mchumba wa Cliff katika katuni, Betty, alichorwa kwa sura ya Bettie Page, mwanamke aliyejulikana kwa picha zake katika miaka ya 1950. Baadaye Stevens alimfahamu Page mwenyewe, akamsaidia kupata malipo kwa sura yake iliyokuwa ikiwatajirisha wengine. Katika filamu jina la Betty lilibadilishwa kuwa Jenny, na Jennifer Connelly akapewa nafasi hiyo.

Wakosoaji wengi waliisifu filamu, ila feza hazikufuata. Ilibanwa kati ya Robin Hood ya Kevin Costner na Terminator 2, ikaingiza dola milioni 46 hivi katika sinema za Marekani. Kwa filamu iliyogharimu zaidi ya milioni 30, hiyo ilikuwa kidogo, na mpango wa kuiendeleza ukafa.

Stevens alifariki mwaka wa 2008 kwa kansa ya damu, akiwa na miaka 52. Miaka mitatu baadaye ilitoka Captain America: The First Avenger, iliyoongozwa na Johnston, hadithi nyingine ya kijana wa kawaida anayepambana na Wanazi. Mwaka wa 2019, Disney ikairudisha roketi katika katuni za watoto. Safari hii aliyeivaa ni msichana, Kit Secord.