Kuita na Kuitika: Sarufi ya Viungo na Vitufe katika Programu za Tovuti

Fanani wa Kiswahili hutamka "Paukwa!", nayo hadhira hujibu "Pakawa!". Jibu hilo halibuniwi papo hapo. Lilikuwamo vifuani mwa wasikilizaji, likingoja kuitwa. Programu ya tovuti hutenda vivyo hivyo. Mtunzi wake huandika kipande cha maagizo, hukikabidhi kwa kivinjari au kwa seva, nacho hukaa kimya mpaka mtumiaji abofye. Tafsiri sisisi ya istilahi ya kigeni ingetupatia "mwito wa kurudi". Hata hivyo, mzizi wa kuitika unafaa zaidi, kwani kipande hicho hakimwiti mtu; huitwa, kikaitika. Kwa hiyo katika mhadhara huu kinaitwa mwitiko.

Kosa la kawaida la wanaojifunza lina sura ya kiisimu. Katika JavaScript, lugha iliyobuniwa mwaka 1995, jina la mwitiko likiandikwa pekee limetajwa tu. Likifuatwa na mabano, limeitwa. Anayekusudia kukabidhi mwitiko wa kufuta, akaongeza mabano, hufuta ukurasa unapofunguka, kabla ya mtu kugusa chochote. Mzungumzaji wa Kiswahili anaijua tofauti hiyo: "akibofya, ufute" si sawa na "futa!". Kiambishi -ki- kimebeba masharti yote.

Suala zito zaidi ni nani aitike: kiungo au kitufe. Kaida ya HTTP iliyochapishwa mwaka 1999 ilikwisha kubainisha kwamba ombi la kuchukua ukurasa, ambalo ndilo kiungo hulituma, lisiwe na athari nyingine zaidi ya kuuleta ukurasa huo. Kutuma, kulipa na kufuta ni kazi ya kitufe cha fomu, kinachoweza kutuma ombi la aina nyingine. Wengi walilipuuza agizo hilo. Mwezi Mei 2005 Google ilitoa programu iitwayo Web Accelerator, iliyovifuata viungo mapema ili kurasa zifunguke haraka. Pale ambapo kufuta kulikuwa kumefichwa ndani ya kiungo, data za watumiaji zilifutika pasipo mtu kubofya. Lawama, kwa haki, ziliwastahili zaidi watunzi wa tovuti hizo: walikipa kiungo kazi isiyo yake.

Katika Kiswahili mpaka huo una utata wa ziada. Kitufe hudai kitenzi cha amri, ilhali kiungo aghalabu huridhika na nomino. Lakini "jibu", "hifadhi" na "ripoti" ni nomino na ni vitenzi pia, bila tofauti yoyote ya umbo. Mtumiaji aonaye "Jibu" hajui kama ataoneshwa jibu au ataanza kuliandika. Na "Ripoti" yaweza kumfungulia taarifa, au kumshtaki mwenziwe. Rangi na umbo la kitufe havitoshi kuuondoa utata huu, kwa kuwa msikilizaji kipofu husomewa na programu neno "kiungo" au "kitufe" pamoja na maandishi yenyewe. Kiungo kilichovishwa sura ya kitufe humpotosha mara mbili: hutangazwa kuwa kiungo, na hakiitiki anapobonyeza kibao cha nafasi, ilhali kitufe halisi huitika. Tiba ya kisarufi ni nyepesi: "Andika jibu" kwenye kitufe, "Majibu yaliyotolewa" kwenye kiungo.