Seva ya Mtumba na Mchezaji wa Gemu

Mtumba tunaujua. Mnunuzi mwerevu hukagua kola na kwapa la shati kabla ya kutoa fedha zake. Leo tuzungumze juu ya mtumba wa aina nyingine: zile kompyuta kubwa ziitwazo seva, ambazo vijana wa nchi mbalimbali huzinunua kwa bei ya chini ili wachezee michezo ya kompyuta.

Kwanza tujiulize, seva ni nini? Ni kompyuta inayotumikia kompyuta nyingine. Benki na kampuni za simu huziweka kwa wingi katika vyumba vyenye baridi, nazo hufanya kazi usiku na mchana. Baada ya miaka kadhaa wenyewe huziondoa. Si kwamba zimekufa, bali mashine mpya hufanya kazi nyingi zaidi kwa umeme ule ule. Hapo bei yake huporomoka.

Chukua mfano wa prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, iitwayo Intel Xeon E5-2670. Ilipotoka mwaka 2012 bei yake ilizidi dola 1,500 za Marekani. Kufikia mwaka 2016 vituo vikubwa vya data vilikuwa vimezitoa kwa wingi, na moja ikapatikana kwa chini ya dola 100. Prosesa hiyo ina viini 8 vya kufanyia kazi, na seva nyingi za wakati huo hubeba prosesa mbili. Kijana akisikia viini 16 kwa bei hiyo, huona ameokota dhahabu.

Lakini tusiwe na pupa. Seva imeundwa kuhudumia watu wengi kwa wakati mmoja, kila kiini kikishika kazi yake. Mchezo wa kompyuta hauko hivyo. Sehemu kubwa ya mahesabu yake hufuatana: ni lazima ijulikane kwanza gari limefika wapi, ndipo ijulikane kama limegonga ukuta. Sufuria moja ya ugali haisongwi na wapishi 16. Mmoja husonga, wengine hutazama. Mchezo unahitaji wapishi wachache wenye mikono myepesi.

Sasa E5-2670 mikono yake si myepesi. Kasi yake ya kawaida ni gigahetsi 2.6, na ikijikaza hufika 3.3. Prosesa ndogo ya mezani kama Core i3-12100 ya mwaka 2022 ina viini 4 tu, lakini hufika gigahetsi 4.3, na katika kila mzunguko hufanya kazi nyingi zaidi. Katika michezo mingi, hiyo ndogo humshinda mzee mwenye viini 16.

Jambo la pili ni umeme. Kila E5-2670 imepimwa kwa wati 115. Mbili zikifanya kazi kwa nguvu zote saa 4 kila siku, kwa siku 30 zitakula karibu uniti 28. Michezo mingi haizifikishi huko, lakini hata nusu yake ni uniti 14, kabla hujahesabu kadi ya picha na feni. Katika bei za TANESCO za mwaka 2016, mteja mdogo wa daraja la D1 aliwekewa uniti 75 kwa mwezi kwa bei nafuu, na kila uniti iliyozidi hapo ikapanda kutoka shilingi 100 hadi 350. Ni dhahiri kwamba mchezo wa mtoto mmoja unaweza kuitoa nyumba nzima katika bei nafuu, na mlipaji ni mzazi.

Tatu, seva haikuundwa kukaa na watu. Seva nyembamba za kupangwa kwenye rafu zina feni ndogo zinazozunguka kwa kasi na kulia kama king'ora. Nyingi hazina sehemu ya kuchomeka spika, na nyaya za kuipa umeme kadi kubwa ya picha huenda ukazitafuta usizione.

Tena kuna suala la umri. Baadhi ya michezo mipya hudai amri za prosesa ziitwazo AVX2, ambazo E5-2670 haina. Zilikuja katika Xeon E5 za toleo la tatu, mwaka 2014. Vilevile, Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma zake za kawaida Oktoba 2025, na Windows 11 haizitambui rasmi prosesa hizo. Linux ni ya bure na huendesha michezo mingi, ila baadhi ya michezo ya kushindana kwa intaneti huikataa.

Je, basi tuzitupe? Hapana. Mwenye kutunza mafaili ya ofisi, au mwanafunzi anayejifunza kuendesha mitandao, atapata mwalimu mzuri kwa bei ndogo. Na kwa mchezaji, afadhali atafute kompyuta ya mezani ya kazi nzito, kama HP Z420 ya mwaka 2012. Hutumia prosesa za ukoo huo huo, lakini iliundwa kukaa karibu na mtu, na ina nafasi ya kadi ya picha. Hata hivyo, asilipe kabla ya kuiona ikiwaka, kusoma wati za pawa saplai yake, na kuuliza kama mchezo anaoutaka utakubali.

Wahenga walisema rahisi ghali. Bei ya seva hulipwa siku moja; umeme wake hulipwa kila mwezi. Mzazi na kijana waketi pamoja, wapige hesabu zote mbili kabla ya kwenda dukani.