SUKARI YA MIMBA: MTOTO AMEZALIWA, LAKINI MAMA JE?

Akina mama wengi wa Maungu, Miasenyi, Buguta, Rukanga na kwingineko wanajua umuhimu wa kliniki ya mimba. Mama anapimwa uzito, presha, damu na mkojo, na yote yanaandikwa katika kitabu cha mama na mtoto. Baadhi yao huambiwa, mimba ikiwa na miezi sita au saba, kwamba sukari yao imepanda. Wanashtuka, wanabadilisha chakula, wengine wanapewa dawa. Halafu mtoto anazaliwa salama, sukari inashuka, na mama anaambiwa aende nyumbani. Kila mtu anashukuru. Jambo limekwisha.

Kumbe halijaisha. Katika makala haya tunataka kueleza kwa nini mama aliyepata sukari ya mimba anahitaji kuendelea kupimwa hata baada ya mtoto kuzaliwa, na jinsi ya kufanya hivyo bila gharama kubwa na bila kupoteza siku nyingi.

SUKARI YA MIMBA NI NINI?

Chakula tunachokula, hasa ugali, wali, chapati na muhogo, hugeuka kuwa sukari katika damu. Ili sukari hiyo iingie mwilini na kutupa nguvu, tunahitaji insulini, ambayo hutengenezwa na kongosho. Mwanamke akiwa mjamzito, kondo la nyuma hutoa homoni zinazozuia insulini kufanya kazi vizuri. Kwa hiyo kongosho la mama linalazimika kutoa insulini nyingi zaidi. Akina mama wengi huweza. Wengine hawawezi, na sukari inabaki katika damu.

Fikiria malori tunayoyaona kila siku katika barabara ya Mombasa na Nairobi. Lori lenye injini iliyochoka linaweza kwenda vizuri kabisa kwenye tambarare. Lakini likibeba shehena na kupanda mlima, hapo ndipo utasikia linakoroma na kutoa moshi. Likifika juu na kushusha mzigo, linatulia. Je, injini imepona? Hapana. Mlima umetuonyesha tu kwamba injini ina udhaifu. Mimba ni mlima huo. Kondo likishatoka, sukari ya akina mama wengi hurudi chini mara moja. Lakini udhaifu umekwisha kuonekana.

Si jambo la watu wachache. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba duniani kote, karibu mtoto 1 kati ya 6 huzaliwa na mama ambaye sukari yake ilipanda wakati wa mimba. Hapa Kenya, utafiti uliofanywa magharibi mwa nchi na kuchapishwa mwaka 2017 ulipata karibu akina mama 3 kati ya 100. Idadi hubadilika kutoka mahali hadi mahali, na pia kulingana na namna ya kupima. Palipo na upimaji mdogo, wengi hawajulikani kabisa.

HATARI INAYOBAKI

Mwaka 2020 wataalamu walikusanya tafiti 20 zenye wanawake zaidi ya milioni 1.3. Waliona kwamba mwanamke aliyepata sukari ya mimba ana uwezekano wa karibu mara 10 wa kupata ugonjwa wa kisukari wa kudumu, akilinganishwa na yule ambaye hakuipata. Pia uwezekano wa kupata magonjwa ya moyo na mishipa ya damu ni kama mara mbili. Na akibeba mimba nyingine, karibu nusu ya akina mama hawa sukari huwarudia.

Tusiogope bure. Haina maana kwamba kila mama ataugua. Wengi hawatapata kisukari. Lakini dalili ya mvua ni mawingu, na mwenye kuyaona mawingu mapema huanua nguo zake.

Tatizo kubwa ni kwamba kisukari huanza kimya. Mama anaweza kukaa nacho miaka mitano bila kujua. Akichoka, anasema ni kazi ya shamba. Akisikia kiu, anasema ni joto la Maungu. Akikojoa mara nyingi usiku, anasema ni uzazi. Siku anapofika hospitali, macho yameanza kufifia au kidonda cha mguuni kimekataa kupona. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu Wakenya watu wazima 9 kati ya 10 hawakuwa wamewahi kupimwa sukari hata mara moja. Mama aliyeambiwa wakati wa mimba kwamba ana sukari amepata habari ambayo wengine hawana. Ni vibaya kuitupa.

TUMIA TAREHE ZA MTOTO

Tukiwa wakweli, baada ya kujifungua macho yote humwendea mtoto. Mama hukumbuka chanjo ya mtoto hata kama ni kutembea kilomita nyingi, lakini yeye mwenyewe hajipeleki popote. Basi tufanye hivi: tarehe za mtoto ziwe pia tarehe za mama.

1. Wiki ya 6. Mtoto anakuja kudungwa chanjo. Mama naye aombe kupimwa sukari na presha. Kama hukuweza wiki ya 6, fanya wiki ya 10, na usipite wiki ya 14.

2. Miezi 9 na miezi 18. Mtoto anakuja kwa chanjo ya surua. Mama apime tena.

3. Baada ya hapo, kila mwaka mtoto anapotimiza umri. Akitimiza miaka miwili, pima. Akitimiza mitatu, pima. Hutasahau siku hiyo.

Usingoje kuulizwa. Sema wazi: "Sista, nilikuwa na sukari wakati wa mimba. Naomba nipimwe." Mwonyeshe kitabu mahali palipoandikwa. Kama hapakuandikwa, omba paandikwe, maana muuguzi utakayemkuta mwakani huenda si yule yule.

KIPIMO CHENYEWE

Kipimo kizuri zaidi baada ya kujifungua ni kile cha kunywa maji yenye gramu 75 za glukosi. Mama analala bila kula, angalau saa 8, anatolewa damu asubuhi, anakunywa glukosi, kisha anapimwa tena baada ya saa 2. Maji matupu anaruhusiwa kunywa. Anayetoka mbali apande gari la mapema na abebe chakula chake, ale mara tu akimaliza. Uliza kwanza kituo chako kama wana kipimo hiki, usije ukafunga bure. Kama hawana, watakuelekeza, kwa mfano Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi iliyoko Voi.

Kama hilo ni gumu, kupima kwa kudunga kidole kabla ya kula asubuhi ni bora kuliko kutopima kabisa. Tangu mwaka 2023 serikali iliwagawia wahudumu wa afya ya jamii mikoba yenye mashine ya presha na kijimashine cha sukari. Muulize mhudumu wa kijiji chako. Majibu ya kidole yakiwa juu, lazima yathibitishwe kwa damu ya maabara.

Soma majibu hivi, kabla ya kula: chini ya 6.1 ni sawa, 6.1 hadi 6.9 ni onyo, 7.0 na zaidi ni dalili ya kisukari, muone daktari. Ukipimwa saa 2 baada ya glukosi: chini ya 7.8 ni sawa; 7.8 hadi 11.0 ni onyo, 11.1 na zaidi ni dalili ya kisukari. Namba hizi ni za mama aliyekwisha kujifungua. Za mjamzito ni za chini zaidi.

Kuhusu malipo, kumbuka kwamba SHA ilichukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024. Kama hujajiandikisha, jiandikishe kabla hujahitaji.

MAMBO YANAYOPUNGUZA HATARI

Kunyonyesha. Maziwa hutengenezwa kwa kutumia sukari ya mwili wa mama. Utafiti wa California uliochapishwa mwaka 2015, wa akina mama wapatao 1,000 waliokuwa na sukari ya mimba, ulionyesha kwamba walionyonyesha zaidi na kwa muda mrefu walipata kisukari kidogo zaidi katika miaka miwili iliyofuata. Mpe mtoto maziwa ya mama pekee miezi 6, kisha endelea pamoja na vyakula vingine.

Chakula. Desturi yetu ya kumtunza mzazi kwa uji na supu ni njema, wala hatusemi iachwe. Ila uji usijazwe sukari, na mafuta ya supu yapunguzwe. Mama mkwe na nyanya wanaompikia mzazi waelezwe kwa heshima, nao watasaidia. Sahani ya kawaida igawanywe: nusu iwe mboga kama mchicha, kunde au sukuma, robo iwe mbaazi, pojo, maharagwe, mayai, dagaa au nyama, robo iwe ugali, wali au muhogo. Kimanga ni chakula chetu kizuri, kwa kuwa kina maharagwe, ila pima kiasi. Soda na juisi za chupa ziachwe. Chai ya vijiko vitatu ishuke hadi kimoja, kisha hadi hakuna.

Mwendo. Anayechota maji mbali na kulima tayari anafanya mazoezi. Lakini yule anayekaa kutwa kwenye kibanda kando ya barabara akiuza chai na chapati anahitaji kutembea haraka dakika 30, siku 5 kwa wiki. Huku kwetu ndovu hutembea alfajiri na usiku, kwa hiyo tembeeni kwa kikundi na jua likiwa limechomoza.

Uzito. Tuseme mama ana kilo 80. Akipunguza kilo 5 tu, tayari amejisaidia sana. Utafiti mkubwa wa Marekani ulionyesha kwamba wanawake waliowahi kuwa na sukari ya mimba, walipopunguza uzito kidogo na kufanya mazoezi, walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa karibu nusu.

Mimba inayofuata. Pima sukari kabla ya kuitafuta, au mara tu ukijua una mimba. Usingoje mwezi wa sita. Panga uzazi na mwenzako, na umwambie muuguzi historia yako ili akushauri njia inayokufaa.

NENO KWA AKINA BABA

Baba ndiye mara nyingi mwenye nauli. Nauli ya mama kwenda kupimwa mara moja kwa mwaka ni ndogo kuliko dawa za maisha yote. Pia mle chakula kimoja nyumbani. Mama hawezi kuacha soda peke yake huku chupa iko mezani. Na watoto wa mama huyu nao wako katika hatari zaidi ya kunenepa na kupata kisukari wakikua, kwa hiyo chakula hiki kinawalinda na wao.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mama, ukienda kumchanja mtoto safari ijayo, nyoosha na wewe kidole chako.