Gari Likidunda, Msikilize Aliyekaa Kushoto

Naomba nianze kwa kukiri: nimewahi kulionea wivu gari. Ndiyo, gari! Mume wangu ana Subaru Impreza WRX ya mwaka 2004, rangi ya bluu, ile yenye tundu la kuvutia hewa juu ya boneti. Alikuwa nayo kabla hajanijua mimi. Jumapili anaiosha saa mbili nzima, akimaliza anarudi nyuma hatua tatu kuitazama. Mimi nikisuka Jumamosi, nywele zangu anaziona Jumatano.

Si yeye peke yake, jamani. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally kule Kenya akiwa na Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns akaja akashinda na Impreza vilevile. Watoto wa kiume waliokuwa wakishangilia enzi hizo ndio waume zetu wa leo. Mtu wa aina hiyo unaweza kumwambia lolote, hata kwamba mama yake hajui kupika pilau, lakini usithubutu kumwambia gari lake lina kasoro.

Mimi nilimwambia. Nikanuniwa siku mbili.

"Ukitaka sofa, panda basi"

Mambo yalianza kidogo kidogo. Tukipita tuta, gari linapanda, linashuka, halafu linaendelea kunesanesa kama mtumbwi. Tukizunguka kipilefti, linalala upande mpaka nashika mlango. Akikanyaga breki, pua inainama. Na kwenye ile barabara yetu ya vumbi, nyuma kunagonga ko-ko-ko kama mtu anayebisha hodi.

Kila nikisema, jibu ni lile lile: "Mke wangu, hii ni gari ya michezo, lazima iwe ngumu. Ukitaka sofa, panda basi."

Basi ikafika safari ya Morogoro, harusini kwa binamu yangu. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Tumeshapita Mlandizi, lori lililo mbele yetu likasimama ghafla. Akakanyaga breki kwa nguvu zote. Gari likapiga magoti mbele, nyuma likawa jepesi, likaanza kutaka kupita ubavuni. Lilisimama, namshukuru Mungu, lakini kati ya boneti letu na lile lori hapakuwa na nafasi ya kupita mbuzi.

Hakuna aliyeongea mpaka Chalinze. Pale akaegesha, akaenda kununua maji, akarudi, akakaa kimya na chupa mkononi. Kisha akasema, "Gari yangu haisimami hivi. Hata mwendo haukuwa mkubwa." Nikanyamaza. Kuna wakati wa kusema "si nilikwambia", na huo haukuwa wakati wake.

Kumbe springi haijitulizi yenyewe

Jumatatu tulikuwa kwa fundi wake, mzee mmoja mpole mwenye gereji chini ya mwembe. Alilizunguka gari, akalikalia buti, likadunda. Akacheka. "Shemeji, hili gari halina shokapu. Lina makopo tu."

Nikamwomba anieleze kama mtu asiyejua lolote, maana kweli sikujua. Mimi nilidhani shokapu, au shokomzoba kama wengine wanavyoita, ndiyo inayobeba gari. Hapana. Anayebeba ni springi. Lakini springi ukiibana inataka kurudi, ikirudi inapitiliza, na ukiiachia itacheza hivyo juu chini mara nyingi kabla ya kutulia. Shokapu ndiyo inayoituliza. Ndani yake kuna pistoni inayopita kwenye oili, na oili inalazimishwa kupenya kwenye matundu na valvu ndogo. Ule mrusho wa springi unageuka kuwa joto, gari linatulia.

Sili ikichakaa, oili inavuja. Valvu zikilegea, oili inapita ovyo. Hapo springi inabaki kama mtoto asiye na mlezi, na tairi linaanza kurukaruka juu ya lami. Tairi likiwa hewani, hata kwa nukta ndogo, halina linachoshika. Breki ziwe mpya, ABS iwepo, zote zinategemea tairi liguse barabara. Ndicho kilichotupata Mlandizi.

Halafu mzee akasema jambo ambalo bado nalifikiria. Shokapu haifi siku moja. Inachoka taratibu, miaka na miaka, na dereva anachoka nayo pamoja: anaanza kukanyaga breki mapema kidogo, kukata kona polepole kidogo, bila kujijua. Anazoea. Abiria hana usukani wala breki, kazi yake ni kuhisi tu. "Ndiyo maana magari mengi ya hivi," alisema, "huyaletwa kwangu baada ya mke kulalamika."

Sikumtazama mume wangu. Sikuwa na haja.

Utajuaje kama zako zimekwisha?

*Angalia kama zinavuja.* Chungulia nyuma ya tairi. Unyevu kidogo karibu na sili, kama jasho, si tatizo. Lakini ukiona oili imechuruzika mpaka chini na vumbi limegandia, hiyo imekwisha.

*Pitisha kiganja kwenye tairi.* Tairi linalorukaruka huliwa mabondemabonde, hapa pameisha, pale pamebaki. Yetu ya nyuma yalikuwa kama ubao wa bao.

*Bonyeza kona ya gari kwa nguvu, kisha achia.* Linapaswa kupanda na kutulia. Likiendelea kucheza, kuna shida. Ila wenye magari ya michezo msidanganyike: springi zake ni ngumu, hivyo gari linaweza kufaulu mtihani huu na bado shokapu zikawa zimechoka. Yetu ya mbele yalifaulu, lakini barabarani pua ilikuwa inainama.

*Sikiliza mlio, lakini usiuamini haraka.* Kugonga kunaweza kutokana na maunti ya juu, bushi au vile vijiti vya stabilaiza. Fundi anayetaka ununue shokapu kwa sababu ya mlio tu, mwambie akague hivyo kwanza.

*Mpe mtu mwingine aendeshe.* Asiyelizoea gari lako ataona ndani ya dakika kumi usichokiona wewe kwa mwaka mzima.

Rimu au shokapu?

Sasa tukafika kwenye pesa, mahali ambapo ndoa nyingi hunesanesa. Mzee wangu alikuwa amejiwekea akiba ya rimu saizi 18. Mimi nilikuwa nimepokea mchezo wa kazini, na tayari nilishaipangia kitanda cha mtoto na mazulia.

Wazo lake la kwanza lilikuwa mtumba: twende Ilala, tutafute shokapu zilizotoka Japani, rimu ibaki palepale. Fundi akatikisa kichwa. Shokapu ya mtumba ni kama yai, alisema, nje yote yanafanana. Haionyeshi imetembea kilomita ngapi wala valvu zake zikoje. Kuzijaza oili je? Wapo wanaofanya hivyo, lakini kama sili na valvu ni zile zile zilizochoka, umemnywesha mgonjwa uji bila kumtibu.

Tulikaa jikoni usiku ule na kalamu na karatasi. Sikumwambia auze gari. Nilimwambia tu kwamba Mlandizi tulikuwa watatu. Akainama kidogo, kisha akaufuta mstari wa rimu. Mimi nikafuta mazulia. Kitanda kikabaki.

Tukanunua mpya nne pamoja na maunti za juu, raba za vumbi na vizuizi vya ndani. Ukienda dukani, nenda na namba ya chesisi. Za Impreza ya kawaida si za WRX, za WRX si za STI. Majina makubwa kama KYB na Monroe yanaigizwa, hivyo nunua kwa muuzaji anayekupa risiti na anayejulikana. Kama pesa haitoshi nne, nunua mbili za mbele au mbili za nyuma. Usibadilishe moja peke yake: upande mmoja utatulia, mwingine utacheza, na gari litakuvuta unapofunga breki.

Siku ya kazi

Niliweka kiti chini ya mwembe nikaangalia mwanzo hadi mwisho. Gari liliinuliwa kwa jeki na kukalishwa kwenye stendi, maana hakuna mtu anayepaswa kuingia chini ya gari lililoshikwa na jeki tupu. Akafungua kibano cha mpira wa breki na waya wa ABS ili visivutwe. Chini kuna bolti mbili kubwa, na ile ya juu ndiyo inayoamua tairi lisimame wima kiasi gani, kwa hiyo aliichora alama ya chaki kabla ya kuigusa. Juu, ndani ya boneti, nati tatu. Shokapu ikatoka nzima, imevaa springi yake. Nyuma ilibidi kwanza avue kiti.

Hapa ndipo penye hatari. Springi ile imebanwa kwa nguvu kubwa, na nati ya katikati ndiyo inayoizuia. Ukiifungua kabla ya kuibana springi kwa kifaa chake maalumu, inaweza kuruka na kuua mtu. Fundi akitaka kutumia kamba au waya, chukua ufunguo wako uondoke. Salama.

Shokapu mpya aliisimamisha wima, akaisukuma na kuivuta mara kadhaa ili hewa itoke kwenye oili, ndipo akaivalisha springi. Nati akazikaza kwa spana ya kipimo. Kutoka hapo tukaenda moja kwa moja kupima alaimenti, maana ukigusa zile bolti za chini lazima tairi zipimwe upya. Tairi mbili za mabondemabonde tukaziaga.

Tulivyorudi nyumbani

Tuta la kwanza: likapanda, likashuka, basi. Kipilefti: likazunguka limesimama wima. Mume wangu hakusema kitu, ila nilimwona anatabasamu peke yake kama siku ya kutoa posa. Halafu akauliza, "Unalisikiaje?" Ilikuwa mara ya kwanza kuniuliza.

Binti yetu sasa ana meno mawili, na akipanda Subaru ya baba yake analala kabla hatujafika barabara ya lami. Rimu saizi 18 bado ziko dukani.

Kwa hiyo, wapendwa, watengenezaji wa shokapu hushauri zikaguliwe kila kilomita 20,000 hivi. Usikate springi ili gari likae chini eti lipendeze, shokapu hazitadumu. Na wikendi hii, mkiwa mnatoka, zima redio kidogo umuulize mwenzio aliyekaa kushoto anajisikiaje humo ndani. Akishajibu, usinune. Mpeleke kwa fundi, yeye na gari.